Usingizi wa Bosi

Mtu akija kukuomba jambo la aibu, huanza kwa kusifu. Tajiri mwenye ukumbi aliingia chumbani kwa mpiga drams mchana ule akasifu pazia, akasifu chai kabla hajaionja, akasifu hata ndoo ya maji. Mama Bosi, aliyekuwa kitandani anakunja nguo, akajisemea moyoni kwamba hapa kuna neno.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jukwaa, ukuta kwa ukuta. Zamani kilikuwa stoo ya viti. Tajiri alikuwa amempa mpiga drams akae humo na mkewe bila kodi, na kwa hisani hiyo mpiga drams akawa pia mlinzi, mfagiaji, na mtu wa kuitwa bomba likipasuka. Bendi ikianza kazi vikombe vilitambaa vyenyewe mezani, na vumbi la dari likashuka juu ya chandarua. Na chini ya chandarua hicho, ngumi kazifumba, mtoto wao alilala usingizi wa pono.

Wanamuziki ndio waliompa jina. "Sisi jasho linatutoka, mwenzetu kalala. Sasa bosi ni nani hapa?" alisema mpiga gita siku moja, na jina likaganda. Hata mama yake akawa Mama Bosi mtaa mzima. Alikuwa binti wa mwaka na ushee, mashavu tele, ameanza kutembea kwa kushikashika vitu. Neno hata moja alikuwa hajatamka. Watu walisema watoto wengine huchelewa, na kweli wapo wanaochelewa.

"Mama," Tajiri alisema, "keshokutwa wanakuja wale wa manispaa. Kamati ya kelele. Huyu mshonaji wetu wa ng'ambo ya uchochoro hakutulia mpaka kawaleta. Wakisema tufunge, ndiyo tumefunga. Na tukifunga..." Akakizungushia macho chumba, kistaarabu kabisa, mithili ya mtu anayetafuta kofia yake. "Mimi sitaki hata kufikiria."

Mama Bosi alifikiria kwa niaba yake. Ukumbi ukifungwa hakuna bendi, na bila bendi hakuna chumba. Mumewe alishawahi kujaribu kazi ya ujenzi, akarudi na mkono umevimba, wenzake wakamwita fundi vijiti. Mama mkwe alikuwa amekwisha sema, tena mbele za watu, kwamba hana nafasi ya kupokea mtu mzima na familia yake.

"Sasa nimepata wazo," Tajiri aliendelea. "Kipimo chao cha sauti nasikia kimeharibika siku nyingi, hakuna wa kukitengeneza. Wanakuja na masikio yao tu. Basi bendi itapiga, itapiga kama siku ya watu kujaa. Halafu nawaleta hapa, nawafungulia mlango, wamwone Bosi kalala. Sisemi kitu. Mtoto mdogo analala ukuta huuhuu, mtu mzima ng'ambo ya uchochoro anashindwa nini?"

Mpiga drams akacheka kwa fahari. "Huyu muziki uko kwenye damu. Akiwa macho haondoki kwenye ngoma zangu. Anaweka shavu pale, anafumba macho. Mwenyewe utampenda."

"Na akiamka?" Mama Bosi aliuliza.

"Alishawahi kuamka?"

Aliukunja upya mkono wa shati ambao alikuwa ameshaukunja.

"Hapana," alisema. "Hajawahi."

Wanaume wale wawili wakafurahi, wakanywa chai.

Tuseme ukweli, Mama Bosi hakuwa mjinga. Mjinga angelala vizuri usiku ule.

Kabla ya ugomvi, yeye na mshonaji walikuwa majirani wa kuombana chumvi. Mshonaji alikuwa mama wa makamo, rika la mama yake mzazi, aliyeshona magauni ya harusi kwenye chumba cha mbele huku mumewe amelala chumba cha ndani, amepooza upande mmoja. Siku moja Mama Bosi alimpelekea gauni la kupunguza kiuno. Mtoto akatambaa moja kwa moja hadi kwenye cherehani, akaweka kiganja kwenye mguu wa meza yake, na kila cherehani ilipokwenda alicheka. Wakamcheka naye. Kisha pasi ya mkaa ikateleza mezani, ikaanguka sakafuni nyuma ya mtoto kwa kishindo cha kutoa roho. Mama Bosi aliruka, na mgonjwa kule ndani akapiga ukelele. Mtoto alikuwa bado na kiganja kwenye mguu wa meza, anangoja cherehani ianze tena.

Mshonaji hakuiokota pasi. Alimtazama mtoto. Akasema, "Bosi. We Bosi." Akapiga makofi. Ndipo akauliza, taratibu, "Mwanangu, huyu mtoto anasikia?"

Swali lenyewe halikuwa na ubaya. Lakini wiki ileile mshonaji alikuwa amekwenda manispaa kulalamika, na mtaa mzima ulikuwa unalizungumza. Mama Bosi akawaka. "Aa, kumbe. Mmekosa la kusema, sasa mnamzushia mwanangu uziwi? Ili mseme ni ngoma zetu?" Akalikwapua gauni likiwa na pini zake, akamkwapua mtoto, akatoka. Tangu siku hiyo hakumpa shikamoo tena. Alipita mbele ya mlango wake akitazama mbele, na kila alipopita alisikia cherehani ikisimama kidogo, ikingoja salamu, kisha ikaendelea.

Nyumbani alijaribu mwenyewe, mumewe akiwa hayupo. Alichukua mfuniko wa sufuria, akasimama nyuma ya mtoto, akaugonga kwa mwiko. Mtoto hakugeuka. Basi Mama Bosi akasogea kidogo, akasogea tena, mpaka kivuli chake kikampitia mtoto, akagonga. Mtoto akageuka na kutabasamu. "Si unaona," alijiambia kwa sauti. "Amegeuka." Akarudisha mfuniko mahali pake, akapika. Zoezi hilo alilirudia mara nyingi, na kila mara alilimaliza namna ileile. Siku alipomgusia mumewe, mumewe alisema, "Amezoea. Amezaliwa ndani ya makelele, unataka ashtuke nini?" Naye akalipokea jibu hilo kwa mikono miwili, maana ndilo alilokuwa amelifuata.

Kamati ilikuja baada ya chakula cha mchana. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na viatu vinavyombana, na wenzake wawili walikuwa wanaume wa kukubali kila alichosema. Tajiri alikuwa amepanga viti vya plastiki vyenye mito. Kiti kimoja kilikuwa cha Mama Bosi, karibu na wakubwa. Cha mshonaji hakikuwapo.

Alikuja amevaa gauni lake la kutokea, kitambaa kizuri, na kwenye kola alikuwa amesahau pini mbili za kazi. Akatafuta kwa macho pa kukaa. Hakuna aliyeinuka. Mama Bosi alijua kabisa kwamba mdogo anampisha mkubwa. Jambo hilo alifundishwa kabla ya kufundishwa kunawa. Alibaki amekaa, anakitazama kidole gumba cha mguu wake. Mlalamikaji akatoa maelezo yake amesimama, mkono ukutani.

"Mimi sikusema mfunge," mshonaji alisema. "Wamekuwa wakitangaza hivyo, lakini sikusema. Watu wanacheza, wanafurahi, hata mimi ujanani nilicheza ukumbi huu. Nasema mume wangu ni mgonjwa. Ngoma ile kubwa ikipigwa, mkono wake ule mbovu unaruka wenyewe, naye analia, mtu mzima. Naomba wazibe dirisha la uchochoroni. Na mazoezi ya mchana wapunguze, ndiyo saa yake ya kupumzika. Basi."

"Kuziba dirisha," Tajiri alisema kwa huzuni kubwa, "ni kuwapika wateja wangu. Mheshimiwa, mimi si mtu wa maneno. Twende mkaone."

Akaipa bendi ishara. Jamani, walipiga. Besi iliingia tumboni kabla ya kufika masikioni, na mpiga drams alipiga huku ameuma ulimi, anapigania paa la nyumba yake. Mwenyekiti aliziba masikio kwa vidole. Tajiri akawaongoza nyuma ya jukwaa, mshonaji wa mwisho, akafungua mlango wa chumba polepole.

Bosi alikuwa amelala chali. Neti ya chandarua ilikuwa inatikisika, kikombe kilikuwa kinatambaa mezani, na tumbo la mtoto lilikuwa linapanda na kushuka kwa raha zake.

Mmoja wa wale wanaume akaangua kicheko. Mwenyekiti alitoa vidole masikioni, akainama, akamtazama mtoto kwa muda. Uso wake ukalegea. Akamgeukia Mama Bosi, na ikabidi apige kelele ndipo asikike.

"Analala hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Hashtuki?"

"Hashtuki."

Hakuna neno la uongo alilosema. Ndiyo maana yalimchoma. Uongo angeweza kuutubia baadaye. Ukweli huu ulitoka kinywani mwake mzimamzima, ukafanya kazi ya uongo.

Waliporudi ukumbini na bendi ikanyamaza, mwenyekiti akamwambia mshonaji, kwa sauti ya kumhurumia, "Bibi, umeona mwenyewe. Una la kusema?"

Mshonaji alimtazama Mama Bosi. Hakumtazama kwa chuki. Afadhali ingekuwa chuki. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake aliyetoka nje nguo imempasuka nyuma, hajui amwambie au amwache. Mama Bosi alishika upindo wa nguo yake akaukunja, akaukunjua. Neno moja tu la yule mama lingetosha. Angesema, pigeni makofi karibu na sikio la mtoto. Ukumbi ungefungwa jioni ileile.

"Sina la kusema," mshonaji alisema.

Akatoka. Mwenyekiti akatangaza kwamba malalamiko hayana msingi na ukumbi uendelee kama ulivyo. Nyuma ya vigelegele vya wahudumu, Mama Bosi alisikia mtu akisema, "Mtoto kalala, bibi kizee kakesha," na watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Jioni Tajiri alinunua soda na nyama. Alimbeba Bosi begani akamzungusha meza zote, "Shahidi wetu huyu, mheshimiwa shahidi," na kila meza ikampigia makofi. Bosi aliitazama ile mikono ikigongana, akacheka, akaigiza kugonga ya kwake. Mama Bosi hakuigusa nyama. Uso ulikuwa unamwaka na hakuna aliyemtukana. Kila aliyempongeza alimwongezea.

"Shemeji, kula basi," mpiga gita alimwambia. "Leo wewe ndiye mwenye ukumbi."

Asubuhi yake, ukumbi ukiwa mtupu na viti vimepandanishwa, alimkuta mumewe anapangusa drams zake. Mama Bosi alikuwa amembeba mtoto.

"Kaa upige," alisema.

"Sasa hivi? Kwa nini?"

"Nimekuomba kitu mara ngapi tangu unioe? Kaa upige."

Akakaa. Mama Bosi akasimama hatua chache kutoka kwake, juu ya ngazi ya zege isiyoshikana na ubao wa jukwaa, akampakata mtoto kifuani, mgongo kwa baba yake. "Usipige ile kubwa. Piga matoazi. Kwa nguvu zako zote."

"Atashtuka, mwanamke."

"Piga."

Akapiga. Masikio ya Mama Bosi yaliuma. Mtoto alikuwa anachezea hereni ya mama yake.

Mpiga drams alitabasamu, lile tabasamu lake la amezoea. Kisha akaona mkewe hatabasamu. Akapiga tena. Akainuka kidogo kwenye kigoda akapiga matoazi yote mawili pamoja, akapiga ukingo wa ngoma ndogo, ile sauti kali ya kupasua kuni. Hereni ilikuwa imemng'ang'ania mtoto kidoleni naye alikuwa anajaribu kuitoa, ulimi nje, na kazi hiyo ilikuwa imemmaliza mawazo. Baba yake akaita jina lake, lile tulilolijua sote, kisha jina lake la kuzaliwa. Akaita kwa sauti ambayo mkewe alikuwa hajawahi kuisikia.

Mama Bosi akapanda jukwaani, akamshusha mtoto juu ya ubao. "Sasa ile kubwa," alisema. "Kidogo tu."

Akakanyaga pedali yake. Mtoto akageuka papo hapo, akamwona baba yake, akacheka, akaenda kwake huku ameshikilia spika, akaweka shavu lake kwenye ngoma.

Mpiga drams akaviweka vijiti chini. Alitaka kuviweka juu ya ngoma kama kawaida yake, lakini akahofia vitamgusa mtoto.

"Ulijua," alisema.

"Sikutaka kujua."

"Tangu lini?"

"Yule mshonaji aliniuliza. Nikamtukana. Jana alijua. Alisimama pale bila kiti, alijua, na alinyamaza."

Mpiga drams akauliza kile alichokuwa anaogopa, akiiangalia mikono yake. "Ni mimi? Ni hizi ngoma?"

"Sijui, baba. Labda alizaliwa hivyo. Hospitali watajua. Sisi hata kuuliza hatukuuliza."

Walikwenda kwa mshonaji mchana. Mama Bosi aligonga mlango ulio wazi, jambo linalofanywa na wageni na wadeni tu. Cherehani ikasimama.

"Shikamoo, mama," alisema. Ilitoka nyembamba.

Mshonaji alimtazama yeye, akamtazama mumewe, akamtazama mtoto. "Marahaba," alijibu. "Gauni lako bado lina pini zangu?"

"Lina pini zako. Mama, nimekuja..." Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia. "Jana sikukupisha kiti."

"Nilisimama, sikufa."

"Mbona hukusema? Ungesema ungeshinda."

Mshonaji alikata uzi kwa meno. Hapo hasira yake ikaonekana, maana alikuwa nayo, tena nyingi. "Usinifanye mtakatifu. Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa hapa. Lakini wangempigia makofi mtoto masikioni mbele ya watu wale, wanacheka, na wewe umekaa pale. Nikaona hapana. Nikarudi nyumbani nikalia kwa ujinga wangu." Akauweka uzi. "Hospitali kubwa wana kitengo cha masikio. Nendeni mapema, foleni ni ndefu. Dada yangu alipeleka wake."

"Wake anasikia sasa?"

"Anasoma. Anaongea kwa mikono kuliko wewe unavyoongea kwa mdomo. Karibuni ndani basi, msisimame mlangoni kama wadai kodi. Na wewe, baba, una mikono. Njoo unisaidie kumgeuza mgonjwa."

Chumba cha ndani kilinuka dawa ya kuchua na sabuni. Mgonjwa alikuwa mwanamume mkubwa aliyepungua. Mpiga drams alimshika mabega, mshonaji miguu, wakamgeuza ubavu. Mzee akamwangalia aliyemshika, akasema kwa mdomo wa upande mmoja, "Asante, mwanangu." Hakumjua ni nani.

Wakati huo mazoezi yakaanza. Mpiga drams hakuwapo, basi mpiga tumba alikuwa ameshika ngoma zake, na dirisha la uchochoroni lilikuwa wazi. Mpiga drams hakuwahi kuusikia ukumbi kutoka upande huu. Gita halikufika, mwimbaji hakufika, utamu wote ulibaki kule. Kilichofika ni kishindo kile kimoja, tena na tena, kikipita ukutani, sakafuni, hadi kwenye chuma cha kitanda. Kila kilipofika, mkono mbovu wa mzee uliruka juu ya shuka na uso wake ukajikunja, na chozi likamtoka kwenye jicho ambalo hakuweza kulifuta.

Bosi alikuwa amejishusha mapajani kwa mama yake. Alitembea kwa kushikilia ukingo wa godoro, akafika kwenye mguu wa kitanda, akaweka kiganja kwenye chuma. Uso ukamng'aa. Akacheka kwa sauti, mabega yanatikisika, akamwangalia mzee ili wacheke wote.

Mshonaji alichukua kitambaa akamfuta mumewe.

"Nenda ukawaambie," Mama Bosi alimwambia mumewe.

"Niwaambie nini? Tajiri atatutoa leo hii."

"Najua."

"Tutalala wapi?"

"Sijui tutalala wapi. Waambie mtoto hasikii. Anza na hilo. Halafu kesho tunakwenda kwa yule mwenyekiti, tumwambie ushahidi aliouona ulikuwa nini, na huyu mama alichoomba ni dirisha tu."

Mpiga drams alisimama. Alitaka kumbusu mtoto, akaona aibu mbele ya mwenye nyumba, akatoka. Waliisikia milio ya viatu vyake uchochoroni, inakwenda, inasita, inakwenda.

Kishindo kiliendelea kwa muda, Bosi akiendelea kucheka nacho. Kisha kikakatika katikati. Mkono wa mzee ukatua kwenye shuka, ukatulia, na mzee akavuta pumzi ndefu. Mtoto aliutoa mkono wake kwenye chuma, akakitazama kiganja, akaugeuza, akautazama tena. Akaurudisha palepale, akangoja.